Treni ya mfano ya reli nyembamba inapogoma: dalili, chanzo na tiba

Reli nyembamba ni reli yoyote ambayo upana wake, yaani nafasi kati ya reli mbili, haufiki milimita 1435. Njia ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, iliyoanza kujengwa 1896 na kufika ziwani 1901, ni ya mita moja. Reli ya Kati ya Dar es Salaam hadi Kigoma nayo ni ya mita moja. TAZARA ni ya milimita 1067, na ile reli ya kubebea mbao ya Sigi kule Usambara ilikuwa ya milimita 750. Anayetaka kuzijenga kwa mfano katika skeli ya 1:87 hutumia reli ya milimita 12 kwa njia ya mita (HOm) na milimita 9 kwa njia ya 750 (HOe). Waingereza wana ya kwao, OO9, ambayo ni skeli ya 1:76 juu ya reli ile ile ya milimita 9. Treni kubwa za bustani za LGB hupita kwenye reli ya milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5, zidisha uone, unapata milimita 1012, yaani reli ya mita karibu kabisa. Kwa upande mwingine, milimita 12 ukizidisha kwa 87 unapata 1044, kwa hiyo reli ya HOm inaikaribia TAZARA kuliko inavyoikaribia reli ya Mombasa. Hakuna jicho litakaloiona tofauti hiyo.

Treni hizi zinapendeza, lakini zinasumbua kuliko zile za reli pana, na sababu inaeleweka. Kichwa kidogo cha HOe au OO9 mara nyingi kina magurudumu manne tu na hakifikii gramu 100. Umeme wote wa mota unapita kwenye sehemu nne za chuma kugusa chuma, kila moja ndogo kuliko ncha ya kalamu, zikikandamizwa na uzito mdogo mno. Chembe ya vumbi ambayo treni kubwa ingeiponda bila kuihisi, hapa inakata umeme. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni moja: fuata umeme kutoka ukutani kwenda kwenye mota, hatua kwa hatua, na mota iwe ya mwisho kufunguliwa. Wengi huanza na mota, wakapoteza springi na kaboni chini ya meza, kumbe ubovu ulikuwa kwenye reli.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache. Tafuta multimita ya kawaida ya fundi umeme, kalipa, bisibisi ndogo za fundi saa, kibano, na balbu ya gari ya volti 12, wati 5, iliyolehemewa nyaya mbili fupi. Balbu hiyo ina thamani kuliko inavyoonekana, na matumizi yake yako huko chini.

Haisogei kabisa, wala taa haiwaki

Anza na adapta. Soma maandishi yaliyo mgongoni mwake. Umeme wa Kenya ni volti 240, wa Tanzania 230, wa Marekani 120. Seti iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani ikiwa na adapta iliyoandikwa volti 120 tu, usiichomeke hata kwa sekunde moja kabla ya kupata transfoma ya kushusha umeme. Ikiwa imeandikwa 100–240, badilisha plagi tu, basi.

Kisha:

1. Ondoa kila kitu kilicho juu ya reli: vichwa, mabehewa, vifaa.
2. Chomoa nyaya za reli kutoka kwenye kidhibiti mwendo, fungua kitufe hadi mwisho, pima. Kidhibiti cha treni ndogo kitaonyesha volti 12 hadi 16 kikiwa hakina mzigo. Cha treni za bustani huvuka hapo. Ukiona sifuri, ubovu uko kwenye adapta au kidhibiti, na reli haina kosa.
3. Rudisha nyaya, pima juu ya reli. Volti zikianguka au kidhibiti kikijikata wakati reli iko tupu, kuna shoti ndani ya njia yenyewe.
4. Reli tupu ikiwa nzima, rudisha chombo kimoja kimoja. Kitakachoangusha volti ndicho chenye shoti. Mara nyingi ni behewa lenye magurudumu ya chuma ambalo ekseli zake hazina kizuizi cha umeme, au kichwa ambacho ekseli moja imerudishwa kinyume baada ya kusafishwa.

Shoti ya njia yenyewe ina vyanzo vitatu vya kawaida. Cha kwanza ni kipande cha waya au msumari mdogo uliolala kati ya reli. Kitafute kwa jicho na kwa sumaku. Cha pili ni njia inayozunguka na kujirudia: treni inatoka kwenye pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), inazunguka na kurudi kwenye pointi ile ile, na hapo reli ya kulia inakutana na ya kushoto. Lazima reli zote mbili zikatwe kwa viungo vya plastiki mwanzoni na mwishoni mwa mzunguko. Cha tatu ni pointi ambazo makutano yake ya kati ni ya chuma chenye umeme. Hizi ndizo nzuri kwa treni ndogo, lakini zinadai viungo vya plastiki kwenye zile reli mbili za ndani zinazotoka kwenye makutano. Ukisahau kiungo kimoja, shoti itatokea pointi ikielekezwa upande mmoja, ukiigeuza inapotea. Ukiona tabia hiyo, usitafute kwingine.

Inakwenda, inasita, inasukumwa kwa kidole, inakwenda tena

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Lipe muda.

Kwanza safisha reli. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na isopropili alkoholi ya asilimia 90 au zaidi. Angalia lebo ya spiriti ya dukani: zipo zilizochanganywa na mafuta ya nyonyo kwa ajili ya ngozi, na hizo huacha utando unaonata unaokusanya vumbi upya baada ya siku mbili. Msasa usiutumie. Unang'arisha reli leo, lakini mikwaruzo inayobaki ndiyo shimo la uchafu wa kesho, na kila gurudumu likipita juu ya mkwaruzo linatoa cheche ndogo inayoacha weusi. Kama reli ni ya shaba ya njano badala ya aloi ya shaba na nikeli, jiandae kusafisha mara nyingi zaidi. Za chuma, zilizokuja na baadhi ya seti za zamani, pwani hazidumu. Hewa ya chumvi inazila. Zibadilishe.

Baada ya reli, magurudumu. Kunja karatasi ya jikoni, ilowanishe alkoholi, ilaze juu ya reli. Weka kichwa ili magurudumu ya mbele yawe juu ya karatasi na ya nyuma yaguse reli safi, kisha washa mwendo wa wastani ukikishika. Magurudumu yataacha mistari myeusi. Sogeza karatasi, rudia mpaka mistari iishe, kisha geuza kichwa. Usiloweshe gurudumu lenye mpira, kwa sababu alkoholi inaukausha na kuupasua. Na ujue kuwa gurudumu lenye mpira halichukui umeme: kwenye kichwa cha magurudumu manne, mpira mmoja umeondoa robo ya miguso yako. Ukiwa na njia isiyo na mwinuko mkali, kuutoa mpira na kuweka gurudumu tupu lisilo na mfereji huleta nafuu kubwa.

Bado inasita? Pindua kichwa, weka multimita kwenye mlio, mguso mmoja kwenye gurudumu na mwingine kwenye waya wa mota wa upande huo. Zungusha gurudumu taratibu. Mlio lazima uwe mmoja bila kukatika. Ukikatika, kile kibapa chembamba cha shaba kinachosugua mgongo wa gurudumu kimepinda au kimeshika nywele. Kipinde kwa kibano hadi kiguse kidogo tu. Kikikandamiza sana kinakuwa breki, na gurudumu litaburuzwa badala ya kuzunguka. Rudia kwa kila gurudumu, na lisukume kushoto na kulia kwenye nafasi yake, maana vibapa vingi hugusa gurudumu likiwa upande mmoja na kuachia likihamia mwingine.

Ikiwa inasimama juu ya pointi peke yake, pima urefu wa sehemu ya plastiki kwenye makutano na ulinganishe na umbali kati ya ekseli. Kichwa chenye ekseli zilizoachana milimita 22 kikipita juu ya plastiki ya milimita 15 kinabaki na gurudumu moja tu upande huo. Likikuta vumbi, mwisho wa safari. Tiba ya kudumu ni pointi zenye makutano ya chuma. Na hata hizo, usitegemee ule ulimi wa pointi kugusa reli ya pembeni ili kupeleka umeme. Mguso huo huota kutu ndani ya miezi. Weka swichi ndogo ya njia mbili inayosogezwa pamoja na pointi, waya wake wa kati uende kwenye makutano, zile mbili ziende kwenye reli mbili za pembeni.

Njia nyingine ni kuongeza miguso. Behewa linalofuata kichwa lifungwe nacho moja kwa moja, lipewe vibapa, na nyaya mbili laini zipite chini ya kulabu. Magurudumu manne yanakuwa manane, na matatizo mengi yanaondoka bila kugusa kingine.

Karibu na kidhibiti ina nguvu, mbali inachoka

Hapa ndipo balbu inapofanya kazi. Multimita peke yake inaweza kukudanganya, kwa sababu haivuti umeme. Waya mbovu utaonyesha volti 12 na kuanguka mara treni inapofika. Fungua kidhibiti hadi volti 12, gusisha balbu kwenye reli mahali umeme unapoingilia, pima. Hamia mwisho wa njia, gusisha balbu, pima tena. Zikipungua zaidi ya volti moja, kuna ukinzani njiani. Rudi nyuma kiungo baada ya kiungo. Pale volti zinaporuka ndipo ubovu ulipo.

Chanzo karibu kila mara ni vile viungo vya chuma vinavyoshika ncha za reli. Vinalegea, vinaota kutu, rangi au gundi ya kokoto inapenya. Kuvibana kwa koleo kunasaidia wiki chache. Dawa ni kuacha kuvitegemea: tandaza chini ya ubao nyaya mbili kuu za milimita za mraba 1.5, kisha kutoka hapo panda na waya mwembamba wa 0.2 hadi kwenye kila kipande cha reli, au angalau kila mita moja. Lehemu upande wa nje wa reli. Sugua reli kwanza kwa kisu, paka flaksi, weka pamba mbichi kwenye reli pande zote mbili za sehemu unayolehemu ili isipeleke moto kwenye mataruma ya plastiki, na pasi isikae zaidi ya sekunde tatu. Usilehemu kila kiungo, acha kimoja wazi kila baada ya mita mbili, reli ipate pa kutanukia.

Inapoteza umeme kwenye kona za upande mmoja tu

Dalili hii ni ya vichwa vyenye viungo, hasa vile vya Garratt. Daraja la 59 la East African Railways, vichwa 34 vilivyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, ndivyo vinavyotamaniwa na kila anayejenga reli ya mita. Mount Gelai bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kwa mfano wa 1:87 kichwa hicho kinavuka sentimita 36, na seti mbili za magurudumu zinageuka kila moja kivyake chini ya bodi. Nyaya zinazopita kwenye mhimili wa kugeukia zinakunjwa kila kona mpaka nyuzi za ndani zinakatika huku ganda la plastiki likiwa zima. Geuza seti ya mbele kwa mkono hadi mwisho kushoto, kisha kulia, multimita ikiwa kwenye mlio. Badilisha kwa waya laini wenye ganda la silikoni, uache kitanzi chenye nafasi, na usilehemu karibu na mahali unapokunjika, kwa sababu risasi inayopanda ndani ya nyuzi inaufanya mgumu na ndipo utakapokatikia.

Inaacha njia

Jiulize swali moja kabla ya kugusa chochote. Vyombo vyote huanguka mahali pamoja? Kosa ni la reli. Chombo kimoja huanguka kila mahali? Kosa ni la chombo. Chombo kimoja, mahali pamoja? Vyote viwili vina kasoro ndogo zinazokutana hapo, na ukirekebisha kimoja huenda kingine kikavumilika, ila rekebisha vyote.

Kwa chombo, pima kwa kalipa nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa reli ya milimita 9, kiwango cha NEM, yaani vipimo vya Ulaya vya treni za mfano, ni milimita 7.4 hadi 7.6. Nafasi ikiwa ndogo, magurudumu yanabana reli za ulinzi kwenye pointi na kupanda juu. Ikiwa kubwa, ukingo unagonga ncha ya makutano na gurudumu linachagua njia isiyo yake. Shika magurudumu mawili, vuta au sukuma huku ukizungusha, pima sehemu tatu za mzingo. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limekaa upande na litayumba.

Halafu uzito. Chama cha treni za mfano cha Marekani, NMRA, kinapendekeza, kwa reli nyembamba ya 1:87, gramu 21 za kuanzia na kama gramu 4.2 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa la sentimita 10 liwe karibu gramu 63. La plastiki kutoka kwenye boksi mara nyingi halifiki nusu yake, na likiwekwa mbele ya treni ndefu, kona inalivuta ndani na kuliangusha. Ongeza risasi au nati za chuma sakafuni, chini kadiri inavyowezekana; uzito wa juu unaliangusha upya. Risasi ishike kwa glavu na unawe mikono.

Behewa la bogi mbili, zile fremu ndogo za magurudumu zinazozunguka chini yake, likae kwa namna ya kigoda cha miguu mitatu: skrubu ya bogi moja ikazwe hadi bogi izunguke tu bila kuinama kushoto na kulia, ya pili ilegezwe hadi bogi icheze pande zote. Zikikazwa zote, gurudumu moja litaelea hewani kila reli inapopinda kidogo.

Kwa reli, inama jicho liwe usawa wa reli na utazame kwa urefu wa njia. Kona iliyovunjika kwenye kiungo utaiona mara moja. Pitisha ukucha juu ya kila kiungo. Ukikwama, sugua ncha ya reli kwa tupa ndogo. Kona ya kushoto ikifuatwa mara moja na ya kulia inavuta kulabu pande mbili kwa wakati mmoja, hivyo weka katikati reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Vichwa vidogo vya OO9 huvumilia kona ya nusu kipenyo cha milimita 228, lakini kinachovumiliwa na kichwa kinaweza kukataliwa na mabehewa yake. LGB wanaanzia 600.

Pwani kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya Ulaya havikitilii mkazo. Ubao wa plaiwudi unafyonza unyevu wa masika, unavimba na kupinda, kisha kiangazi unarudi, na njia iliyokuwa sawa Januari ina mawimbi Mei. Paka vanishi mikono miwili pande zote, juu, chini na hasa kingo, kabla ya kulaza reli. Bustanini adui ni jua: mita 10 za reli ya shaba ya njano zikipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi saa saba mchana zinarefuka karibu milimita 6. Zisigongwe misumari kwenye zege. Zilale juu ya kokoto, ziwe huru kusogea.

Mabehewa yanayoachana mlimani bila kuanguka ni suala la kimo cha kulabu; linganisha zote na moja uliyoichagua kuwa kipimo, weka washa ya karatasi ngumu chini ya bogi iliyo chini mno.

Inachechemea, inalia, inanuka

Ikichechemea mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, kuna mambo mawili. Kwenye kichwa cha mvuke chenye fito za pembeni, gurudumu moja limezunguka kidogo kwenye ekseli na fito zinabana. Pini za kushoto na kulia lazima ziachane nyuzi 90 sawasawa kwenye ekseli zote. Ikiwa ni mlio wa "tak" wa kila mzunguko, tazama gia ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli kwa kioo cha kukuzia. Hupasuka kati ya meno, nafasi inapanuka, na jino linagonga. Gundi haisaidii, nunua gia mpya.

Pima umeme unaovutwa. Kichwa kidogo chenye afya kikitembea peke yake huwa kati ya ampea 0.05 na 0.25. Kikivuka hapo, tenganisha mota na gia. Mota ikizunguka kirahisi peke yake, tatizo ni gia, na aghalabu ni mafuta yaliyokauka. Mafuta ya kupikia na ya nazi yanageuka utomvu. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu zinaondoka na kuacha chuma kikavu. Tafuta mafuta mepesi yaliyoandikwa kuwa salama kwa plastiki, tone moja kwa ncha ya sindano kwenye kila beringi. Yakizidi yatafika kwenye kaboni za mota, na hapo harufu ya kuungua itaanza.

Ukikuta kichwa cha umeme wa kawaida kinavuma kama nyuki kikiwa kimesimama, kiko juu ya reli ya dijitali, yaani ile yenye umeme wakati wote na inayopeleka kila kichwa amri zake. Kiondoe haraka, mota inapata joto bila kuzunguka.

Ya dijitali

Kabla ya yote, pitisha sarafu kwenye reli kila baada ya mita moja. Kituo cha amri, yaani kidhibiti cha dijitali, kinapaswa kujikata papo hapo kila mara. Mahali kisipojikata, ongeza nyaya za kulisha. Shoti ya hapo itayeyusha bogi siku treni ikianguka.

Kichwa kisichosikia amri jaribu kukiita kwa anwani 3, ndiyo ya kiwandani. Kikiondoka ghafla kwa kasi yote chenyewe baada ya kusita kidogo, dikoda, yaani chipu ya ndani inayopokea amri, imedhani iko kwenye umeme wa kawaida: soma CV29 (CV ni namba ya mpangilio ndani ya dikoda), na ikiwa 6, andika 2 ili kuzima uwezo huo. Kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi 2200, volti 25, inasaidia kuvuka uchafu, lakini iunganishwe kwenye nyaya za dikoda zilizotengwa kwa kazi hiyo, kupitia rezista ya omu 100 na dayodi kama dikoda haina vyake. Kamwe isiunganishwe kwenye reli. Mambo yakivurugika kabisa, dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani ukiandika 8 kwenye CV8. Nakili kwanza kasi, anwani na mipangilio ya taa kwenye karatasi, kwa sababu vyote vitafutika.